Kunawa mikono nyumbani bila kukosea: mwongozo kamili, kuanzia kibuyu chirizi hadi beseni la chakula

Muulize mtu yeyote kama ananawa mikono, atakujibu ndiyo, tena atakushangaa kwa swali hilo. Sasa mwangalie wakati wa kula. Beseni linaletwa, jagi linainamishwa, kila mmoja anasuuza vidole vya mkono wa kulia kwa maji matupu, watu wanakula. Wakishamaliza, beseni linarudi, na safari hii kipande cha sabuni kimo kwenye kisahani, kwa sababu mikono ina mafuta ya mchuzi na inanuka samaki.

Kwa hiyo sabuni imo ndani ya nyumba na inatumika kila siku. Inatumika kuondoa harufu baada ya kula, wakati vimelea vimeshamezwa pamoja na tonge.

Chooni nako kuna kasoro yake. Sabuni iko chumbani, maji yako jikoni, choo kiko nyuma ya nyumba. Mtu anatoka na nia njema kabisa, anakutana na mtoto analia au sufuria inafurika, basi, kunawa kumeishia hapo. Kumhubiria mtu huyo hakumsaidii. Atasaidika maji na sabuni vikimngoja palepale anapopita.

Kuhara, kipindupindu, homa ya matumbo na mayai ya minyoo, vyote hutoka kwenye kinyesi na hufika mdomoni kwa njia kadhaa, mkono ukiwa mojawapo ya njia fupi. Mafua hupita mkononi kwenda puani, na vikope kwenda machoni. Tafiti nyingi zilipojumlishwa pamoja zilionyesha kwamba kuhimiza watu kunawa kwa sabuni hupunguza matukio ya kuhara kwa takriban asilimia 30. Hilo ni punguzo kubwa kwa kitu kinachouzwa kila duka la mtaani.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Kama huna bomba karibu na choo, kinachofaa ni kibuyu chirizi: dumu linaloning'inia, ambalo huinama ukikanyaga fimbo. Hutumia maji kidogo, na mkono mchafu haugusi chochote ila sabuni.

- Dumu la plastiki la lita 5, lenye mpini na kifuniko chake. Lisiwe lililowahi kuwekwa dawa ya wadudu, petroli au tindikali, hata kama limeoshwa mara ngapi.
- Miti miwili yenye panda juu, urefu wa mita 2 kila mmoja.
- Mti ulionyooka wa mita 1, unaopita ndani ya mpini wa dumu.
- Fimbo nyepesi ya kukanyagia, mita 1 hivi.
- Kamba ya manila mita 3. Ya katani pia inafaa, ila huoza mapema ikilowa kila siku.
- Msumari, koleo la kuushikia, na mshumaa au kaa la moto.
- Kokoto ndoo moja.
- Sabuni ya kipande, kopo tupu, na mfuko wa wavu ule wa vitunguu.
- Jembe au sururu.

Anayeishi nyumba ya kupanga na hana pa kuchimba atahitaji ndoo yenye koki, kigoda cha kuiinua, na beseni la kupokea maji machafu. Hatua za 2 hadi 4 zinaweza kumpita, zinazobaki zinamhusu.

## Hatua ya 1: Chagua mahali

Simama mlangoni pa choo, kisha utembee kurudi nyumbani kama kawaida. Kibuyu chirizi kiwe kwenye njia hiyohiyo, hatua chache tu kutoka mlangoni, upande anaoutazama mtu akitoka. Ukikiweka nyuma ya choo kwa sababu ndipo palipo na nafasi, hakuna atakayekizunguka.

Jikoni pia pawe na pa kunawia. Si lazima kibuyu kingine, ndoo yenye koki na sabuni vinatosha. Mpishi hataacha ugali motoni aende chooni kunawa.

Usikiweke karibu na kisima, wala mahali ambapo maji yatatiririka hadi kwenye msingi wa nyumba.

Umefaulu kama mtu akitoka chooni hawezi kufika nyumbani bila kukiona.

## Hatua ya 2: Toboa dumu

Shika msumari kwa koleo, upashe moto mpaka uwe mwekundu, kisha utoboe tundu moja kwenye ubavu wa dumu, upande usio na mpini, kama sentimita 12 chini ya kifuniko. Toboa jingine katikati ya kifuniko, la kupitisha kamba.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Tundu likiwa kubwa, maji yanamwagika kama kopo lililopinduliwa, na dumu linakauka kabla ya saa nne asubuhi. Likiwa chini mno, maji yanavuja hata pasipokanyagwa. Anza na msumari mwembamba, kwani tundu dogo unaweza kulipanua, ila kubwa hulipunguzi. Mchirizi unaotakiwa una unene wa njiti ya kiberiti.

Fanya kazi hii nje, watoto wakiwa mbali. Plastiki inayoungua ina moshi mbaya, na msumari huo unachoma.

## Hatua ya 3: Simika nguzo

Chimba mashimo mawili yenye kina cha nusu mita, yaachane sentimita 60 hadi 70. Simamisha nguzo, panda zikiwa juu na zikilingana, shindilia mawe na udongo. Kina hicho si cha kupunguza: watoto watabembea hapo, na mbuzi watajikuna hapo.

Kabla ya kushindilia kabisa, mwite mtoto mdogo kuliko wote anayekwenda chooni mwenyewe. Mikono yake ifike chini ya mchirizi bila kujinyoosha. Mtu mzima anaweza kuinama, lakini mtoto wa miaka minne hawezi kurefuka.

Chini ya dumu chimba kishimo chenye upana wa beseni, ukijaze kokoto. Maji yatazama humo. Bila kokoto patageuka tope, watu watachafua miguu, mbu na nzi watapata makazi, na baada ya wiki moja kila mtu atapaepuka.

## Hatua ya 4: Tundika dumu na ufunge fimbo

Pitisha mti wa mlalo kwenye mpini wa dumu, uulaze juu ya panda mbili. Tundu la ubavuni litazame upande atakaosimama mnawaji.

Ingiza kamba kwenye tundu la kifuniko, ipige fundo kubwa kwa ndani ili isichomoke, kisha funga kifuniko. Ncha ya chini ifungwe kwenye fimbo ya kukanyagia. Ncha moja ya fimbo ilale chini, na ile yenye kamba iinuke sentimita 15 hivi kutoka ardhini.

Jaza maji hadi chini kidogo ya tundu. Yakianza kuvuja dumu likiwa wima, umezidisha.

Sasa kanyaga. Dumu liiname, maji yachirizike. Achia, lirudi lenyewe. Lisiporudi, fimbo ni nzito mno au kamba ni fupi na inalivuta muda wote. Tafuta fimbo nyepesi zaidi au legeza kamba. Likiinama nusu tu na maji yasitoke, kamba ni ndefu. Maji yakitoka kwa kukwamakwama, hewa haiingii, legeza kifuniko kidogo.

Umefaulu kama mtoto anakanyaga kwa mguu mmoja bila kuyumba, maji yanatoka, na akiondoka hakuna tone linalodondoka.

## Hatua ya 5: Linda sabuni

Ukitafuta chanzo cha vibuyu vingi kugeuka mapambo, utakuta mara nyingi ni sabuni iliyopotea, dumu likiwa zima kabisa. Mvua huiyeyusha, watoto huichezea, mpita njia huichukua, na kwa wakazi wa Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa kuna mwizi mwingine: kunguru. Kunguru wa pwani huchukua sabuni mchana kweupe, na akishajua ilipo atarudi kesho.

Ifunge. Toboa kipande cha sabuni katikati kwa msumari, pitisha kamba, ukining'inize kwenye mti wa mlalo. Juu yake weka kopo tupu lililopinduliwa, lililotobolewa kitakoni ili kamba ipite, liwe kama mwavuli wa kukinga mvua na jua. Kama kunguru ni wasumbufu, tia sabuni ndani ya wavu wa vitunguu kabla ya kuitundika. Unaisugua ikiwa ndani ya wavu, na povu linatoka vizuri tu.

Usihangaike na sabuni ya bei mbaya iliyoandikwa kwamba inaua vijidudu. Mwaka 2016, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipiga marufuku viambato 19 katika sabuni za namna hiyo, triklosani ikiwemo, kwa sababu watengenezaji walishindwa kuthibitisha kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji. Nunua sabuni ya mche, uikate vipande. Kwa maoni yangu, fedha inayobaki inunue kipande cha akiba.

## Hatua ya 6: Nawa

Ni bora maji yawe safi kadiri inavyowezekana, lakini si lazima yawe ya kunywa wala yaliyochemshwa. Ubaridi hauna neno. Joto ambalo ngozi yako inavumilia haliui vimelea.

1. Lowesha mikono yote miwili. Wa kulia na wa kushoto. Mkono mmoja haujisugui wenyewe, na kusuuza ncha za vidole si kunawa.

2. Paka sabuni mpaka povu lienee. Vimelea hung'ang'ania mafuta na uchafu ulio kwenye ngozi. Sabuni ndiyo inayoyabandua mafuta hayo, maji yakaja kuvibeba. Maji matupu huteleza juu yake.

3. Sugua angalau sekunde 20, nje ya maji. Achia fimbo wakati unasugua. Hesabu moja hadi ishirini polepole. Anza na viganja, kisha migongo ya mikono, halafu pachika vidole katikati ya vidole. Shika kila kidole gumba na ukizungushe ndani ya kiganja cha mkono mwingine. Malizia kwa kukwaruza kucha kwenye kiganja. Vidole gumba na ncha za vidole ndivyo vinavyorukwa mara nyingi, na ncha ndizo zinazoshika tonge.

4. Suuza kwa maji yanayotiririka. Usichovye mikono kwenye ndoo wala beseni. Ukichovya, uchafu uliobandua unarudi, na anayekufuata anaupokea.

5. Kausha. Kung'uta mikono na uiache ikauke kwa hewa, au tumia kitambaa safi. Mikono mibichi hupokea na kupitisha vimelea kwa urahisi kuliko mikavu. Kujifuta kwenye kanga iliyobebea mtoto tangu asubuhi, au kwenye taulo moja linalotumiwa na nyumba nzima, kunaharibu kazi yote.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zoezi zima, tangu kulowesha hadi kukausha, huchukua sekunde 40 hadi 60.

Kucha ndefu zikatwe. Chini yake sabuni haifiki vizuri.

### Kipimo cha mdalasini

Watoto hawaamini wasichokiona, na watu wazima pia, ila wao hawasemi. Wapake mikononi matone machache ya mafuta ya kupikia, nyunyizia mdalasini wa unga, waambie wasugue mpaka uenee. Wa kwanza anawe kwa maji tu. Wa pili anawe kwa sabuni, lakini haraka haraka. Wa tatu asugue kwa sabuni hadi ishirini.

Kisha wanyooshe mikono. Wa kwanza mdalasini umebaki kila mahali. Wa pili umebaki kwenye vidole gumba na kando ya kucha. Wa tatu viganja ni vyeupe. Ukimkuta wa tatu ana unga katikati ya vidole, arudie kusugua kwa namba 3 hapo juu, asicheke wenzake.

## Hatua ya 7: Rekebisha beseni la chakula

Desturi ya kunawishana ni nzuri na ibaki. Jagi likimimina juu, maji yanatiririka, kama inavyotakiwa. Kinachohitaji kubadilika ni mambo matatu.

Kwanza, sabuni ije pamoja na jagi *kabla* ya kula. Ikae kwenye kisahani, anayenawisha aishike kwa mkono mwingine au aiweke ukingoni mwa beseni. Kumwambia mgeni "nawa kwa sabuni" kunaweza kuonekana kama kumwambia ni mchafu, hasa akiwa ni mkubwa. Anayenawisha aseme tu, "Karibu babu, sabuni hii hapa," amsogezee, kisha asubiri kidogo kabla ya kumimina. Karibu kila mtu ataichukua. Baba au mama mwenye nyumba akianza yeye, wengine watafuata bila kuambiwa.

Pili, beseni ni la kupokea maji machafu tu. Mahali ambapo watu watano wanachovya mikono kwenye maji yaleyale kwa zamu, wa mwisho ananawa uchafu wa wanne.

Tatu, mtu akishanawa, asishike simu. Hii ndiyo ngumu kuliko zote, najua. Simu imekuwa chooni, sokoni, kwenye daladala, na haijaoshwa hata mara moja.

Kwa anayetia udhu: udhu una nafasi yake, na sabuni ina yake. Ukitoka chooni nawa kwa sabuni kwanza, kisha endelea na udhu. Na kopo la chooni lishikwalo kwa mkono wa kusafishia lioshwe kwa sabuni kila siku, mpini hasa.

## Ni wakati gani hasa?

Orodha za nyakati za kunawa huwa ndefu mpaka mtu anakata tamaa. Kama sabuni na maji ni haba, shika mbili: baada ya kinyesi, na kabla ya chakula.

"Baada ya kinyesi" ni pamoja na kumtawaza mtoto na kumbadilisha nepi. Imani kwamba kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara imeenea sana na si kweli, kina vimelea kama cha mtu mzima. "Kabla ya chakula" ni pamoja na kupika, kumlisha mtoto na kumnyonyesha.

Ukiweza zaidi, ongeza: baada ya kumhudumia mgonjwa, kugusa mifugo au kinyesi chake, kukata kuku mbichi, na kupenga kamasi.

## Sabuni ikikosekana

Maji ya sabuni. Changanya gramu 30 hivi za sabuni ya unga kwenye chupa ya maji ya lita 1.5, tikisa, toboa kifuniko kwa pini. Kamua kidogo mkononi, sugua, suuza. Ni nafuu kuliko kipande, na haimvutii mwizi, awe mtu au kunguru. Iandike chupa kwa maandishi makubwa na uiweke mbali na watoto wadogo, isije ikanywewa.

Jivu. Linasaidia kusugua pale ambapo sabuni haipo kabisa, lakini halilingani nayo. Litumike jivu la kuni lililopoa. La takataka na plastiki hapana. Likikuwasha, acha.

Kitakasa mikono. Kiwe na alkoholi isiyopungua asilimia 60. Kinafaa safarini. Kwenye mikono yenye tope, mafuta au kinyesi hakifanyi kazi ipasavyo, na baadhi ya virusi vya kuhara havishtuki nacho. Ukitoka chooni, tafuta maji na sabuni.

Dawa ya kufulia yenye klorini si ya kunawia kila siku. Inakwangua ngozi, na ngozi iliyopasuka huficha vimelea.

## Mgonjwa wa kuhara akiwepo nyumbani

Anayemhudumia anawe kila anapomgusa, anapoondoa ndoo au nguo zake, na asiwe yeye anayepika kama kuna mwingine wa kupika. Mgonjwa mwenyewe anaweshwe mikono kitandani kwa jagi na sabuni.

Kunawa hakumtibu aliyekwisha kuugua. Mpe maji yenye chumvichumvi ya kuzuia upungufu wa maji mwilini, ORS, na umpeleke kituo cha afya. Akiharisha majimaji mfululizo mfano wa maji ya mchele, usisubiri kupambazuke. Kipindupindu kinaweza kuua ndani ya saa chache.

## Zamu na matengenezo

Kibuyu cha wote hakijazwi na mtu. Taja jina: leo Asha, kesho Juma, na wa kujaza ajaze asubuhi kabla ya kwenda shule. Nyumba yenye wapangaji wengi ipange kwa vyumba, na sabuni inunuliwe kwa mchango wa mwezi kama inavyolipwa taka. Mpangaji mmoja akiachiwa kununua peke yake, siku atakapochoka hakuna atakayemrithi.

Mara moja kwa wiki, teremsha dumu, lisukutue kwa sabuni na kokoto chache ili kuondoa utelezi wa kijani ndani. Zibua tundu kwa mwiba. Kagua kamba kwenye fundo la kifuniko, kwani hapo ndipo inapokatikia.

Sabuni ikibaki ganda jembamba, usilitupe. Liloweshe, ulibandike kwenye kipande kipya, ulibane usiku kucha, asubuhi litakuwa limeshikamana.